“Wanyika”: lilikuwa jina la mahali likageuzwa tusi, au lilizaliwa likiwa tusi?

#1 MwanaMvita
Wakuu, salaam.

Kila “Wanyika” linapotajwa kwa maana ya makabila ambayo leo tunayaita Mijikenda, mazungumzo huharibika kabla hoja haijaanza, na mimi naona tunalionea neno lenyewe. Watu wa pwani walikuwa na desturi ya kumwita mtu kwa upande aliotoka. Aliyekaa ukanda wa bara unaokabili Unguja aliitwa Mmrima, aliyetoka Omani aliitwa Mmanga, na aliyekaa nyuma ya Mombasa, kuelekea vichaka vya miiba vya Taru, aliitwa Mnyika. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, kisha akahamia Rabai pamoja na mmisionari mwenzake Johannes Rebmann mwaka 1846, alilikuta neno likitumika mjini akaliandika “Wanika”. Kamusi ya lugha hiyo waliyoikusanya yeye na Rebmann ilichapishwa mwaka 1887, wote wawili wakiwa wamekwisha kufariki, na ikaitwa kamusi ya “Kinika”. Hakuna anayeipa kamusi jina la tusi.

Nadai basi kwamba ubaya uliingia baadaye, wakati wa serikali ya Mwingereza, pale ambapo kuandikwa kabila hili au lile kulianza kuamua nani atalipa kodi ipi na nani ana haki gani ya ardhi. Mwenye ushahidi wa kunipinga aulete.

#2 MwanaKaya
Ushahidi uko nje ya dirisha la matatu, mkuu. Toka Mombasa upande hadi Kaloleni na uangalie unachokiona njiani: minazi, mikorosho, miembe, mihogo. Kaya zetu, yaani vijiji vyetu vya kale vilivyozungukwa na misitu, nyingi ziko juu ya mgongo wa vilima unaokwenda sambamba na bahari, mahali penye mvua na misitu mizito, na ni misitu hiyo hiyo ambayo UNESCO iliiandikisha kuwa urithi wa dunia mwaka 2008. Nyika unayoisema huanza magharibi ya hapo, na Wagiriama wana jina lao wenyewe la kule, wanasema weruni. Kwa hiyo mtu aliyekaa chini ya mnazi, aliyegema tembo na kulima mpunga bondeni, aliitwa mtu wa vichaka vikavu. Jina hilo halikueleza alikokaa. Lilieleza alivyoonekana na mtu aliyesimama kisiwani, ambaye kwake kila kilichokuwa ng’ambo ya maji kilikuwa pori.

Ama kamusi, hoja yako haisimami. Kusini mwa Afrika zilichapishwa kamusi za Kixhosa zikiitwa za “Kikafiri”, na leo ukimwita mtu jina hilo Afrika Kusini unaweza kushtakiwa.

#3 BintiDigo
Shukrani kwa uzi huu. Naongeza jambo ambalo nyote wawili mmelipita.

Sisi Wadigo tumekuwa Waislamu kwa vizazi kadhaa. Babu yangu alisomesha chuo, na baba yake kabla yake. Nilipoposwa na kijana wa mjini, wazee walikaa ukumbini na mimi nikiwa chumba cha pili, pazia tu likitutenga. Nikamsikia shangazi mmoja wa upande wao akiuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayeuliza bei ya sukari, “Hawa Wanyika mahari yao huwaje?” Hakuna aliyemkemea. Mama yangu aliendelea kumimina kahawa.

Nyumba yetu iko umbali wa kusikia mawimbi. Hakukuwa na nyika, hakukuwa na ukafiri, na hapakuwa na serikali ya Mwingereza ndani ya ukumbi ule. Naomba MwanaMvita atueleze neno lilikuwa linaelekeza wapi siku ile.

#4 KaraniMstaafu
Tusikimbilie siku za posa kabla ya kumaliza karne zilizotangulia. Wareno walikaa Mombasa muda mrefu na waliandika mengi, na katika maandishi yao ya karne ya 16 na ya 17 watu wa bara nyuma ya kisiwa wanaitwa “Mozungullos”, ambalo wengine huliandika “Musungulos”. Sultani Hasan alipogombana na wakubwa wa Kireno alikimbilia kwa watu hao, upande wa Rabai, na huko akauawa mwaka 1614 kwa njama za Wareno wenyewe. Mwanawe Yusuf alipelekwa Goa akabatizwa, akarudishwa kutawala, na mwaka 1631 akawaua Wareno ndani ya Ngome ya Yesu.

Maana yake ni kwamba watu hawa walikuwa washirika, wapiganaji na wafanyabiashara waliojulikana kwa jina ambalo halina “nyika” hata kidogo. Ikiwa Mnyika lilikuwa jina la kale la mahali, kama linavyodaiwa katika bandiko la kwanza, kwa nini Mreno aliyekaa pale miaka yote hiyo hakulichukua?

#5 MwanaMvita
Mzee Karani, Mreno aliandika alichokisikia kwa mkalimani wake, na kutolikuta neno katika karatasi zake si dalili kwamba halikuwepo vinywani. Hata “Mijikenda” hulikuti humo.

Dada BintiDigo, pole kwa yaliyokupata. Lakini unaona mwenyewe kwamba kisa chako ni cha juzi, nami sijakataa kwamba juzi neno limekuwa na ubaya.

#6 MnyihaWaMbozi
Nawasalimu kutoka Mbozi, mkoa wa Songwe. Nyinyi watu wa pwani mnazungumza kana kwamba nyika ni mali yenu. Sisi huku ni Wanyiha, na majirani na wageni wametuandika Wanyika miaka mingi bila mtu yeyote kukunja uso. Ukivuka mpaka kuingia Malawi unakutana na uwanda wa juu unaoitwa Nyika, wenye baridi na umande, usio na mwiba wa Taru hata mmoja. Ukiendelea hadi Zimbabwe, kwa Washona neno nyika lina maana ya nchi, ile nchi yenye mtawala na mipaka, na wako watu wanaoitwa Wamanyika ambao jimbo la Manicaland limepata jina kwao.

Maoni yangu ni kwamba neno hili ni la kale katika lugha zetu na lilimaanisha ardhi ya watu, na kwamba ninyi wa mjini ndio mlilishusha cheo likabaki na maana ya pori. Mnyika alikuwa mwenye nchi.

#7 MwalimuWaIsimu
Ndugu wa Mbozi, nimeifurahia hoja yako na ningependa iwe kweli, lakini inahitaji kupunguzwa kidogo. Kwamba neno la Kishona na la Kiswahili huenda yana mzizi mmoja ni jambo linalowezekana kabisa. Lakini maana za maneno hutembea. Neno moja linaweza kuwa nchi mahali pamoja na pori mahali pengine, na aliyemwita jirani yake Mnyika hapa Mombasa alikuwa anatumia maana ya Kiswahili cha Mombasa. Hakuwa akitumia maana ya Mutare, huko Zimbabwe.

Kuna jambo jingine ambalo sijaliona likitajwa. Kiswahili, lugha za Mijikenda, Kipokomo, Kielwana na Kikomoro ziko katika kundi moja linaloitwa Sabaki. Mtu wa Mombasa na Mrabai walikuwa wanaelewana nusu ya mazungumzo bila mkalimani. Katika masimulizi yao pia Wamijikenda wanasema walitoka Singwaya, kaskazini, na baadhi ya mataifa ya Waswahili husema hivyo hivyo. Kwa hiyo aliyepewa jina la mtu wa pori hakuwa mgeni wa mbali. Alikuwa jamaa wa karibu, na mimi naona hapo ndipo penye jibu: mtu humtafutia jina la kumsukuma mbali yule anayefanana naye mno. Mmasai hakuhitaji kuitwa Mnyika ili ajulikane kuwa si Mswahili.

#8 Sandarusi
Naomba kuuliza kwa heshima zote. Mbona ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Kinyonga, waliita bendi yao Simba Wanyika mwaka 1971, wakiwa hapo hapo Mombasa, na hakuna aliyewashtaki? Na waliojitenga nao mwaka 1978 wakajiita Les Wanyika. Taifa zima lilicheza tusi hilo hadi alfajiri.

#9 MwanaKaya
Sandarusi, hayo ni maneno mawili, “wa nyika”. Simba anaruhusiwa kukaa huko.

#10 MtangaAsilia
Kwa kuwa Tanga imetajwa, niseme neno. Huku kwetu kuna watu wenye jina la ukoo la Mnyika, na hulitaja kwa kifua mbele. Hata nchi yenyewe iliitwa Tanganyika tangu mwaka 1920, kwa jina la ziwa. Richard Burton, aliyelifikia ziwa hilo mwaka 1858 pamoja na Speke, alidhani jina linatokana na kukutana kwa maji, yaani kutanganyika kwa maana ya kuchanganyika. Wengine wanaligawa kuwa tanga na nyika. Kama hao wa pili wana haki, basi wazazi wetu wote waliozaliwa kabla ya Muungano ni Wanyika wenye matanga, na msitubague.

Kwa upande wa jambo lenyewe, Wadigo wa Tanga na Mkinga ni ndugu wa damu na wale wa Kwale, lakini ukimwita Mdigo wa huku Mmijikenda atakuuliza ni chama gani hicho. Mstari waliouchora Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 ulitutenganisha, na jina jipya lilipotungwa upande wa pili sisi hatukualikwa.

#11 KaraniMstaafu
MtangaAsilia ameligusa jambo kubwa kwa utani. “Mijikenda” lenyewe lilianza kutumika kwa nguvu katika miaka ya 1940, wakati vyama vya umoja wa makabila vilipokuwa vikiundwa, na wenyewe husema midzichenda, yaani miji tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma. Kabla ya hapo mtu alijitaja kwa kabila lake au kwa kaya yake. Mwanahistoria Justin Willis amedai kwamba umoja huo ulikomaa katika karne ya 20, kwa sababu zamani mtu wa bara aliyekuja mjini aliweza kupata mwenyeji, akasilimu, akaoa, na watoto wake wakawa Waswahili. Serikali ilipoanza kubana njia hiyo ndipo watu walipotafuta jina la kusimama nalo.

Na msisahau kwamba Waswahili wa Mombasa nao wamejipanga kwa Mataifa Kumi na Mawili, matatu upande mmoja na tisa upande mwingine. Tisa huku na tisa kule. Mimi sidhani kwamba hesabu hiyo ni bahati tu.

#12 MwanaKaya
Mzee Karani, nakuheshimu, lakini hoja ya Willis ikishikwa vibaya inatufanya tuonekane tumezaliwa ofisini. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alipowakusanya Wagiriama kula kiapo, walikula kayani. Mwingereza alimkamata akampeleka Kisii, akatoroka huko akarudi kwa miguu, na mwaka 1914 serikali ikailipua Kaya Fungo kwa baruti. Watu hawalipui kitu ambacho hakipo. Jina la pamoja linaweza kuwa la 1940, lakini kilichokuwa kikiitwa kilikuwepo.

#13 MpwaWaTakaungu
Nimesoma kimya tangu bandiko la kwanza. Nina kipande cha babu yangu, ile karatasi ambayo serikali ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika kuibeba tangu karibu mwaka 1920. Imekunjwa mara nne hadi mikunjo imekuwa matundu, na alama za vidole zimefifia zikawa kama madoa ya chai. Kwenye nafasi ya kabila karani wa kwanza ameandika “Nyika”. Juu yake, kwa wino wa zambarau na mwandiko mwingine, imeongezwa “Giriama”. Pembeni kuna neno la tatu lililokwanguliwa, na ukiliinamisha kwenye mwanga unasoma “Swahili”.

Yote matatu yalikuwa kweli kwa wakati wake. Baba yake babu aliteremka Takaungu wakati wa njaa, akasilimu na kuwa miongoni mwa wale watu wa bara waliosilimu walioitwa mahaji, akapewa shamba la kulima na jina jipya. Kwa hiyo namuunga mkono Mzee Karani kwamba mlango ulikuwepo. Lakini tumsikilize na BintiDigo: mahaji alikuwa ndani ya mlango, na bado aliitwa mahaji. Hakuna aliyemsahaulisha alikotoka.

#14 MwanaMvita
Kipande hicho kinanisaidia mimi kuliko mtu mwingine yeyote. Tazameni ni nani aliyeliandika neno: karani wa serikali. Mjini Mnyika aliweza kuwa mahaji na mahaji kuwa Mswahili. Karatasini neno liliganda. Tangu hapo halikuwa tena jina la mahali ambapo mtu anaweza kuhama.

#15 MwalimuWaIsimu
Kuganda sawa, MwanaMvita, lakini kilichoganda tayari kilikuwa na ladha yake. Katika Kiswahili cha mjini uungwana ulipimwa kwa umbali wake na ushenzi, na Mnyika alikaa upande wa pili wa kipimo hicho kabla karani hajanunua wino. Tofauti ninayoikubali ni hii: kabla ya kipande ladha hiyo ilitegemea anayesema na anayeambiwa, na inaelekea kulikuwa na nyumba za Mji wa Kale ambazo neno lilikuwa la kibiashara tu.

#16 BiMkubwa_Kibokoni
Nyumba hizo zilikuwepo, mwalimu, na mimi nimekulia katika mojawapo. Bibi yangu alikuwa na mtu wake wa kutoka Ribe aliyemletea mahindi, kuku na makuti, naye akampa kaniki na chumvi, kama wazee wao walivyopeana zamani pembe na sandarusi kwa nguo na shanga. Bibi alimwita “Mnyika wangu”. Akija alikaa barazani, akala sahani moja na babu, na alipofiwa bibi alikwenda matangani kule juu. Sikupata kusikia dharau katika sauti yake. Na yule bwana naye hakumwita bibi kwa jina; aliwaita watu wote wa nyumba ile wajomba.

#17 MwanaKaya
Bi Mkubwa, shikamoo. Niruhusu swali moja bila ya kukuvunjia heshima. Katika miaka yote hiyo ya kula sahani moja, nyumba yenu iliwahi kumwoza binti kule juu?

#18 BiMkubwa_Kibokoni
Marahaba, mwanangu. Binti, hapana. Mjomba wa baba yangu alioa kule mke wa pili, na watoto wakalelewa hapa mjini. Ndivyo ilivyokuwa, mke alitoka kule, mume hakutoka kule.

#19 Sandarusi
Sasa mimi nimepotea. Ikiwa wake walitoka bara, basi watoto wa mjini ndio wenye wajomba kule kwa Wanyika. Mbona Wamijikenda ndio wanaowaita Waswahili adzomba, yaani wajomba? Udugu umewekwa kichwa chini.

#20 MwalimuWaIsimu
Maneno ya udugu hutumika kwa adabu pasipo damu, kama mnavyomwita kila mzee “babu”. Yawezekana mjomba lilikuwa namna ya kumheshimu mwenyeji aliyekupa malazi, bila hesabu yoyote ya ndoa ndani yake.

#21 KaraniMstaafu
Au ndoa za mwanzo kabisa, kabla ya Wareno, zilikwenda upande mwingine, na neno likabaki baada ya desturi kugeuka. Masimulizi ya Singwaya hayakatai jambo hilo.

#22 BintiDigo
Mnazunguka mbali, wazee wangu. Kwetu Wadigo urithi wa kale ulipita kwa mama. Mjomba ndiye aliyekuwa na mamlaka juu yako kuliko baba yako. Ni yeye uliyemrithi, ni yeye aliyepaswa kukulisha, na mwaka wa njaa ni yeye aliyekuwa na haki ya kukuweka rehani kwa mtu mwenye chakula. Wenye chakula wakati wa njaa walikuwa watu wa mjini. Sasa someni tena bandiko la ndugu wa Takaungu kuhusu baba yake babu yake, kisha mniambie kama mjomba lilikuwa neno la adabu tu.

#23 MpwaWaTakaungu
Dada, nilipojisajili humu nilijiita Mpwa kwa sababu nyumbani ndivyo tulivyozoea kuitwa na wenye lile shamba. Hadi leo nazi za mnazi wetu wa mpakani huangushwa kwa ruhusa yao, na hati ya ardhi ina jina lao. Nitamuuliza mama mkubwa wiki ijayo kama baba yake babu alipewa shamba lile au aliachwa pale na mjomba wake. Anayejua desturi ya rehani ilivyokuwa upande wa Takaungu na aandike hapa chini, hasa kama wapo wenye masimulizi ya njaa ya Magunia.